Nyumba ya Boksi Iliyopinda

Mwashi yule walimwita Timazi, kwa kuwa hakuamini ukuta wowote mpaka auteremshie timazi, uzi wake wenye kitonge cha chuma. Hata kabati la harusi alilipima, mkewe akacheka mpaka akakaa chini.

Basi bintiye wa darasa la tano alipoambiwa shuleni ajenge nyumba ya maboksi, Timazi alivimba kichwa. Mwalimu alitoa sharti moja tu: mzazi aelekeze, asiguse. Adhabu gani hiyo kwa fundi! Wiki mbili alikalia mikono yake, mtoto akikata, akikosea, akibandua gundi. Ukuta wa nyuma ukapinda. Vidole vilimwasha, akavumilia.

"Mwanangu, mbona jikoni kuna milango miwili?"

"Huo mmoja wako, Baba. Ukitoka kazini upitie kwa Mama kwanza."

Alilisimulia hilo kazini hadi wenzake wakamchoka.

Siku ya maonyesho alivaa shati lake la kutokea. Mezani, penye jina la bintiye, akakuta nyumba nyingine: ghorofa, vioo, ngazi. Kwa mazoea akatoa timazi mfukoni, akateremsha uzi. Ukalala sambamba na ukuta, hakuna hata nafasi ya unywele. Mkono wa mtoto haufanyi hivyo.

"Hongera," mwalimu akamwambia mtoto. "Nani alikuelekeza?"

Mtoto akamtazama mama yake. Mama akakohoa.

"Mjomba," mtoto akajibu.

Mjomba, mchora ramani asiyejua uzito wa tofali, aliyesimama nyuma ya dada yake, akatabasamu. Hilo lilimchoma Timazi. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, ila hawakusema kwamba huvaa na sare ya shule.

Nyumbani aliikuta ile yao uvunguni, paa limebonyezwa na sanduku.

"Ilipinda, Baba Watoto," mkewe akasema. "Na wewe ni fundi. Watu wangekucheka, nikaona nikusitiri."

"Umenisitiri au umeniuza?"

Timazi akaketi sakafuni na kuanza kulinyoosha paa. Mtoto akaja taratibu, akachuchumaa kando yake, akanyoosha mkono.

"Baba, nikusaidie?"

"Kamsaidie mjomba wako."

Mtoto akaurudisha mkono. Timazi akaendelea kunyoosha, peke yake. Ndiyo kwanza aiguse nyumba ile.