Herufi Sita za Minjila

Najua utakavyosema, maana hata mimi ningesema vivyo hivyo. Nimesoma chuo kikuu miaka minne, na tangu utotoni sikubali jambo mpaka nioneshwe ushahidi. Mama aliniita Bwana Kwa Nini. Kwa hiyo ninalokueleza hapa sikulisikia kwa mtu. Lilinikuta mwenyewe, Minjila, mchana kweupe, na dada yangu yuko hai Garsen. Nenda ukamuulize.

Dada yangu Hadija ana duka la vitambaa, na ana ugonjwa mmoja: michezo ya maneno ya Kiingereza kwenye simu. Unapewa herufi, unatafuta neno lenye herufi hizo zote. Akipima kitambaa anatafuta neno, akila anatafuta neno. Siku moja alikwenda Minjila kumwona shangazi, akarudi bubu. Hakuwa na homa, hakuwa na maumivu. Sauti tu haikutoka. Hospitali walimchungulia koo wakasema halina kasoro. Yeye akaandika kwenye karatasi: "Nimecheza herufi na mtu kwenye pampu mbovu. Tuliwekeana dau la ulimi. Nimeshindwa."

Nilicheka. Niamini, nilicheka kabisa. Nikasema ni mawazo, kwani siku hizo ami yetu, aliyesimama mahali pa marehemu baba, alikuwa amepokea posa ya mfanyabiashara mmoja wa Hola ambaye Hadija alikwisha kumkataa mara mbili. Lakini kicheko kilinikauka nilipomsikia ami sebuleni.

"Alhamisi baada ya alasiri wazee watamuuliza mara tatu," alimwambia mama. "Akinyamaza, amekubali. Kimya cha mwari ndiyo ridhaa yake."

Hadija akaandika SITAKI kwa herufi kubwa, akamwinulia usoni.

"Karatasi haiolewi," ami akajibu. "Mimi nasikiliza mdomo."

Unaona mtego huo?

Alhamisi hiyo, saa tano, nikapanda bodaboda hadi Minjila. Sikwenda kwa kuamini. Nilikwenda ili nirudi nimwambie Hadija kwamba pale hapana kitu, huenda hofu ikamtoka na sauti ikarudi. Pampu yenyewe ni ya shamba la mpunga lililoachwa. Mafuriko yalikuwa yameondoka juzi tu, na matope yalibaki laini kama uji. Nikavua viatu, nikaviacha barabarani.

Saa sita kamili alikuwepo. Mtu wa makamo, kanzu nyeupe isiyo na tone la tope, miguu mikavu. Nikatazama nyuma yake nione alipopita. Hapakuwa na unyayo hata mmoja.

"Msomi, karibu," akasema kwa Kiswahili cha watu wa Kipini, laini, kama anayeimba. "Umekuja kunichunguza au kucheza?"

"Nimekuja kuchukua ulimi wa dada yangu." Sijui nani aliyelisema hilo. Kumbe ni mimi.

"Aa, yule wa vitambaa! Ulimi mtamu ule. Weka wako basi."

"Na kwa nini mchezo wako ni wa Kiingereza?"

"Kwa Kiswahili mtanishinda. Kiingereza mnakiogopa."

Akachora topeni kwa kijiti: A, A, F, I, R, S. Nipate neno moja la Kiingereza, herufi zote sita zitumike, nisiongeze hata moja. Jua likipinduka kivuli changu kitaanza kurefuka; kikiigusa A ya kwanza, nimeshindwa. Nikakitazama kivuli changu, kidogo, kimejikunyata miguuni. Halafu nikakitafuta chake. Nikakitafuta tena. Nikaacha.

Niliandika FAIR, zikabaki mbili. FAIRS, ikabaki A moja inanikodolea macho. AFRAID ilinijia mara tatu, lakini D sikupewa, na wa kuogopa nilikuwa mimi. Muda wote huo kulikuwa na neno moja lililosimama mlangoni mwa akili kama mbuzi wa jirani. Nalifukuza, linarudi. Nalifukuza kwa sababu ni letu, nami nilitaka la Kizungu.

"Kivuli hicho, msomi," akasema huku akicheka. "Au chuo kilikufundisha kunyamaza kabla sijakunyamazisha?"

Ndipo nikakumbuka. Mwaka wa pili nilibishana na mhadhiri mbele ya darasa zima kwamba neno hilohilo si Kiingereza wala haliwezi kuwa. Akanikabidhi kamusi yao nene, akaniambia nisome kwa sauti. Walinicheka wiki nzima. Sijawahi kuifurahia aibu kama nilivyoifurahia ile pale topeni! Nikachuchumaa, nikaandika kwa kidole: SAFARI.

"Hilo Kiswahili!" akang'aka.

"Sisi tulilipata kwa Waarabu, Waingereza wakalipata kwetu, wakalitia kwenye kamusi yao. Hawajalirudisha mpaka leo. Hebu hesabu herufi, mzee wangu."

Akahesabu. Akarudia. Kivuli changu kilibakisha upana wa kidole. Akapitisha kiganja juu ya herufi kuzifuta, na kiganja kilipomaliza kupita hapakuwa na kiganja, wala mkono, wala mtu.

Viatu nilivisahau na bodaboda sikuipata; nilifika nyumbani kwa miguu, peku, matope hadi magotini, wazee wamekwisha kuketi mkekani. Mmoja akamuuliza Hadija kama amekubali kuozwa. Kimya. Ami akatabasamu. Hadija akaulizwa mara ya pili. Kimya. Moyo ukaniambia umedanganywa, mjinga wewe. Mara ya tatu Hadija akajikohoza.

"Sitaki," akasema. "Jana sikutaka, kesho sitataka. Nyweni chai, ami, inapoa."

Mama akapiga kigelegele. Umewahi kusikia kigelegele cha posa iliyokataliwa? Mtaa mzima ulikuja kuuliza harusi ni lini.

Leo Hadija anauza vitambaa, naye huongea mpaka wateja wanaomba ruhusa waende. Sauti imebaki na mkwaruzo kidogo, na michezo ile ameifuta kwenye simu. Mimi bado nabishana na kila mtu, ila saa sita mchana siitikii salamu ya nisiyemjua mpaka nimwangalie miguu. Nawe ukipita Minjila jua likiwa utosini, ukaitwa na mtu mkavu katikati ya matope, usicheze. Na kama umekwisha kuketi, herufi ziko mbele yako, basi usione haya: anza na maneno ya nyumbani.