Ndege Niliowafukuzia kwa Kina Riziki

Hapana, Mama, ndege wana mwenyewe: ni yule aliyewafukuza mara ya mwisho. Jioni hii tukiosha vyombo ameniambia ndege hawana mwenyewe, na mtoto wa darasa la saba aliyetumwa kulinda mpunga, akaulinda, hana kosa. Sijakubali, ndiyo maana naandika.

Kilichonichokonoa ni neno la Kiingereza, ward. Kule Kibiti ninakosoma sekondari mwalimu alituambia kila mmoja achague neno fupi alifuatilie mpaka lilikotoka. Nikachukua hilo kwa uvivu, maana nililiona kila siku kwenye kibao cha ofisi, nikajua ni kata, basi, kazi imekwisha. Kumbe ni wodi ya hospitali pia, na ni mtoto anayelelewa na asiye mzazi wake, na zamani kabla ya yote hayo lilikuwa kulinda tu, kukaa macho. Hata guard ni ndugu yake, lilizunguka kwa Wafaransa likarudi na sura nyingine. Nikafurahi. Halafu nikaona wakiliongezea kijineno off, linakuwa kufukuza kitu kisikufikie. Kiende wapi, kamusi haisemi. Nikaifunga. Mimi nilijua kinakokwenda.

Msimu ule wa darasa la saba mpunga wetu wa hapa kijijini Salale ulikuwa na punje changa, ukiziminya zinatoa maziwa, na shamba zima lilinuka tope. Nilikaa kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo, na debe la kugonga na kombeo la kurushia madonge ya udongo. Dungu la pili lilikuwa la kina Riziki, tuliyekaa naye dawati moja. Kwetu ukifukuza ndege unamwita jirani, naye anawapokea, anawasukuma kwa mwenzake, mpaka wanaishia kwenye mikoko. Lakini alfajiri Riziki alikuwa bado nyumbani, anamgeuza baba yake aliyepooza, anamwosha, anamnywesha uji. Ninaita, "Riziki wee, wanakuja," dungu kimya. Kundi zima linatua kwao. Wakijaribu kurudi nagonga debe, wanarudi kulekule. Sikushuka hata asubuhi moja kwenda kuwafukuza kule, na Mama akanisifu kwa watu kwamba nina macho.

Tulipotwanga pepeta za kwanza, ule mpunga mchanga wa kukaanga, nikatumwa kuwapelekea bakuli. Riziki akatafuna, akacheka.

"Kumbe mliwanyima hizi, Somoe. Ndiyo maana walikuwa wanafika kwetu na njaa."

Na mimi nikacheka. Nilikuwa sijui nifanye nini kingine na mdomo wangu.

Mpunga wetu ulinishonea sare na kunipangia chumba Kibiti. Riziki alifaulu kama mimi, tena hesabu alinipita, lakini walichovuna kwao kiliishia jikoni. Shule ni bure, wanasema. Chumba si bure, wala chakula cha mtoto anayeishi mbali na kwao. Sasa mimi narudi likizo na maneno yangu, yeye yuko kwenye dungu lilelile, na alfajiri bado ni ya baba yake. Leo nilipopita aliniuliza siku hizi tunasoma nini. Lile neno ward lilikuwa mdomoni kabisa. Nikasema, "Mengi tu, shoga yangu," nikaangalia miguu yangu kwenye tope.

Ndipo jioni nikamwomba Mama kesho nikalinde kwa kina Riziki mpaka mwenyewe amalize kumhudumia mzee. Akaniambia hayo ya ndege na mwenyewe, halafu akasuuza sufuria taratibu.

"Na kwetu atakaa nani, mwanangu?"

Swali lake ni la haki, maana mpunga huu ndio ada yangu ya kuishi Kibiti. Lakini nimechoka kulindwa hivi. Kesho alfajiri nitamwamsha Mama nimuage, nisiondoke kama mwizi, kisha nitapanda dungu la kina Riziki. Akipenda atapanda letu. Asipopanda, ndege wataanzia kwetu.