Uji wa Mama wa Kitanda Namba Nne

Miaka ya kuhudumia wagonjwa mahututi ilinifanya nijione mtu asiyeshtuka. Damu, mashine zinazolia, mtu kukata roho huku nimemshika mkono, yote nilishayaona, na jioni nikarudi zangu Magomeni nikapika. Kilichokuja kuniacha hoi ni kikombe cha uji, tena mchana kweupe, katika hospitali moja ya mjini nilikokuwa nesi wa chumba cha mahututi.

Kwenye kitanda namba nne alilala mwanamume wa miaka thelathini hivi, mbeba marobota ya mitumba Kariakoo. Mapafu yalimjaa maji, akakaa siku tisa na mrija kooni, mashine ikimpumulia. Mama yake alipanda basi kutoka Lindi, akafikia kwa ndugu zake Mchafukoge. Kila asubuhi alikuja na chupa ya uji, na kila asubuhi nilimkatalia, kwa sababu kwetu chakula cha nyumbani hakiingii. Mgonjwa analishwa kwa mpira wa puani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo je, atakunywa?"

"Bado mama."

Alikaa na chupa yake kwenye benchi la nje mpaka jioni, akaondoka nayo. Iliniuma, lakini mimi ni mtu wa taratibu. Wenzangu hawakuniita Afande bure.

Mrija ulipotolewa mgonjwa akawa anapumua mwenyewe, na siku iliyofuata mapokezi wakapiga simu kwamba kuna mgonjwa anahitaji kitanda haraka. Daktari akasema namba nne aende wodini. Kazi ya kumpeleka ilikuwa yangu, na niseme ukweli, nilijivunia kazi hiyo. Wapo wanaodhani kuhamisha mgonjwa ni kusukuma kitanda tu. Mimi nilimkabidhi nesi wa wodi kila kitu: presha, dawa na saa zake, oksijeni, kidonda cha mgongoni. Nikamwambia koo la mgonjwa bado limelegea kwa sababu ya mrija, kwa hiyo aketishwe wima, alishwe kwa kijiko, na apewe vitu vizito, maana vyepesi vinateleza kuingia njia ya hewa. Akaandika yote. Tukasaini.

Mama alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, chupa mkononi. Nilikuwa na furaha, sitaki kuficha. Wanaotoka kwetu wakiwa hai si wote, na huyu nilimuuguza kwa mikono yangu.

"Hongera mama," nikamwambia. "Leo sasa mpe uji wako."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nikaondoka mbiombio, mgonjwa mpya alikuwa ananisubiri.

Saa nane, zamu ilipoisha, nikapita wodini kuchukua mtungi wa oksijeni tuliosafiria nao, niliouacha mlangoni. Namba nne alikuwa amelala chali, kichwa juu ya mkono wa mama yake, kikombe mdomoni.

"Kunywa baba, kunywa," alikuwa akimbembeleza.

Midomo ya mwanawe ilikuwa imeshageuka rangi. Macho yalikuwa yamemtoka, kifua kinapanda na hakuna sauti inayotoka. Nilipigwa na butwaa. Mimi, Afande, nilisimama mlangoni na mtungi wangu mtupu, nikaisikia sauti yangu mwenyewe ya saa sita ikisema mpe uji wako.

Sijui nilisimama kwa muda gani. Nakumbuka nimemketisha, nimemwinamisha, naita mashine ya kunyonya. Nesi wa wodi alikuwa mwisho kabisa wa safu akitundika dripu, yeye mmoja na wagonjwa wote wale. Alikuja mbio. Tukavuta uji kooni mpaka akakohoa. Daktari akataka arudi kwetu. Nikachukua simu, na kabla haijapokelewa nikakumbuka kitanda chake nilishampa mtu kwa mikono yangu.

Ikabidi apambane palepale. Sikwenda nyumbani. Nilikaa kwenye stuli nikimhesabia pumzi mpaka jua likapoa na pumzi zikatulia.

Mama alipoona nimenyoosha mgongo, akamwambia nesi wa wodi, "Kosa ni langu," kisha akanimiminia uji uliobaki. "Kunywa mwanangu, umeshinda na njaa."

Nikanywa. Ulikuwa mwepesi kama maji.

"Nimeuchuja mara mbili," akasema. "Nikauongeza maji, koo lisimuume."

Nikakiweka kikombe chini. Katika wodi zetu nesi halishi, anayelisha ni ndugu. Nesi yeyote wa mji huu anajua hivyo, na mimi nilikuwa nimeyakabidhi maisha ya yule mtu kwa karatasi na kumruka aliyeshika chupa.

"Mama," nikasema, "jinsi ya kumlisha nilimwambia nesi. Wewe sikukuambia. Kosa ni langu."

Alifunga kifuniko cha chupa taratibu, akanitazama bila hasira, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Siku tisa ulinikataza, nikakutii," akasema. "Leo ukaniambia nimpe, nikampa."