Hewa Ikiingia Lazima Itoke

Nakumbuka asubuhi moja huko Gumbo, ng'ambo ya Nile, jua halijapanda vizuri na tayari bati linaunguza vidole. Kaka yangu Opio, baba yako, alikuwa ameketi ndani ya ndege aliyoiunda kwa mikono yake, nami nimesimama nje na mkasi wa bati, nimenuna. Mwanangu, umekuja kwa shangazi yako kusema ndege yako inachemka, na unataka nikukatie tundu kubwa zaidi puani. Kaa kwanza. Mkasi ninao, lakini maneno yatangulie.

Ndege ile ilikuwa na injini ya gari kama hiyo yako, ya rota, isiyo na pistoni. Ni nyepesi, ina nguvu, ila joto lake si la mchezo. Opio alifunga injini, kifuniko chake nikakitengeneza mimi, maana mtaa mzima wa Munuki walinijua kwa kazi ya bati. Kwa chini nilikikunja kikawa laini kama yai. Nilijivunia mkunjo ule kuliko watu wanavyojivunia watoto wao.

Kila tukiiwasha, mshale wa joto unapanda hadi kwenye nyekundu. Basi nikafanya kama tulivyozoea kwenye malori ya barabara ya Nimule. Lori likichemka, dereva anaacha boneti wazi kidogo, anang'oa themostati, kile kifaa kinachozuia maji mpaka yapate moto, anasonga mbele. Nikaing'oa, nikapanua tundu la mbele. Mshale ukapanda. Nikapanua tena, ukapanda upesi zaidi. Opio alikuwa amepanga kuruka Jumamosi. Nikamwambia, "Wewe ruka tu. Juu kuna upepo, itapoa yenyewe."

Nilisema hivyo kwa sababu nilichoka kukosolewa na mshale. Na yeye aliniamini. Mtu akikupenda hukuamini hata pale usipostahili.

Ijumaa, ndiyo ile asubuhi ya bati la moto, Opio akamwita Mzee Ladu aje aiombee ndege. Mzee huyo alikuwa Mbari, wa kabila lenye ardhi ile, tena fundi wa ndege aliyestaafu. Kabla ya kuomba, mzee alitaka nyuzi za sufu. Akazibandika vipande vipande kuzunguka tundu la mbele na lile la kutokea chini, kisha akamwambia Opio awashe injini na kuingurumisha. Nyuzi za mbele, badala ya kuvutwa ndani, zilipepea kuelekea nje. Za chini hazikutikisika sana.

"Ya biniya," akaniita, yaani binti yangu, "mtoto akikaa siku nyingi bila kwenda choo, wewe unamuongeza uji?"

Opio alicheka mpaka akazima injini. Mimi sikucheka. "Mzee, shida ni mdomo mdogo," nikasema.

"Mdomo inatosha zamani. Hewa inaingia, inakosa njia ya kutoka, inarudi. Ile kidogo inapita, inapita pembeni ya rejeta. Khalas, basi. Kata hapa." Akagusa mkunjo wangu wa chini.

"Hapo sikati."

Sauti yake ikabadilika. "Kesho nani anakaa ndani? Ndugu yako, ama bati yako?"

Niliona aibu, mwanangu, hata leo nikisimulia naiona. Nikakata. Tukafungua mlango mpana wa hewa chini kwa nyuma. Tukaziba kwa mpira kila mwanya kandokando ya rejeta, lile sanduku la kupozea maji, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Halafu rejeta ndogo ya oili: nilikuwa nimeibandika nyuma ya ile kubwa, inapokea hewa iliyokwisha kuchemka, na injini ya rota humwaga joto jingi kwenye oili. Mzee akataka ipewe njia yake yenyewe. Themostati ikarudi. Hata tundu la mbele nililipunguza, nikapiga viraka vibaya kutazama.

Jumamosi hiyo Opio hakuruka. Aliikimbiza ardhini tu, siku hiyo na zilizofuata, mpaka mshale ukakubali kutulia katikati. Ndipo akaruka, akazunguka juu ya Nile, akashuka, akaomba chai. Nilimpa huku nalia, akauliza kama ni moshi wa jiko.

Sasa sikiliza. Kitu kikichemka usikimbilie kukiongezea. Tazama kwanza kama ulichokipa kinapata pa kutokea. Kazi ya mkono wako ikikosea ikate, hata kama ndiyo unayoipenda, maana mficha uchi hazai. Kuuliza nako si ujinga. Na usimpandishe mtu kwenye chombo ambacho wewe mwenyewe una shaka nacho. Hata kama mtu huyo ni wewe, bado ni mtoto wa watu.

Haya, leta nyuzi, tuanzie chini. Mungu akushike unapopanda, akushushe taratibu, na utukute sisi tuliobaki ardhini tukikungoja, chai yako ingali moto.