Kanyaga Mara Tatu

Mama mdogo wangu alilinda lango la bustani ya manispaa kwa miaka kumi na mmoja, na katika muda wote huo sidhani kama aliwahi kumwamini mtu yeyote aliyekuja na watoto.

Mji wetu si mkubwa wala si mdogo. Sinema yake moja imegeuzwa ghala la magodoro, na hoteli zake mbili zenye bwawa la kuogelea zinakutoza hata kiti cha kukalia. Kwa hiyo familia yenye watoto wanne, ikitaka kutoka Jumamosi na bado iwe na cha kula Jumapili, ilikwenda bustanini. Kulikuwa na bembea sita, mteremko wa bati uliochoma makalio saa za mchana, kidimbwi cha mabata, na kobe watatu ambao watoto waliwasubiri watoe vichwa kwa subira ambayo walimu wao hawakuwahi kuiona darasani. Mtu mzima alilipa tiketi ya bei ya soda. Mtoto ambaye kichwa chake hakijafika kwenye mstari mwekundu aliingia bure.

Mstari huo ulichorwa kwenye nguzo ya mbao kando ya lango. Nguzo hiyo ndiyo iliyokuwa ofisi ya mama mdogo. Mkata tiketi, mwanamke mnene mwenye maneno mengi, alikaa kibandani kivulini, na mimi nilikaa nyuma yake Jumamosi nyingi za likizo ya chuo nikisoma, maana kibandani kulikuwa na utulivu kuliko nyumbani. Mama mdogo alisimama juani. Watu walimwita Darubini, naye alijua.

"Wazazi wa mji huu," aliniambia, "mtoto akiwa nyumbani wanamsifu amerefuka. Akifika hapa wanamwambia ajikunje kama jongoo."

Mbinu zao zote alizijua. Wapo walioinamisha shingo kana kwamba wanaona haya. Wapo walioegemea nguzo kwa mgongo huku miguu imetangulia mbele. Mbinu iliyomkera zaidi ni ya kukunja magoti ndani ya gauni refu au suruali pana, na hiyo aliitafutia dawa. Mtoto akishafika nguzoni, aliamriwa: "Visigino kwenye nguzo! Kanyaga mara tatu!" Aliamini kwamba mtu hawezi kukanyaga kwa nguvu huku amekunja magoti; akikanyaga, mguu unanyooka wenyewe. Watoto waliipenda sana amri hiyo. Walikanyaga kama askari wa gwaride, na wengine walirudi nyuma ya foleni ili wakanyage tena.

Aliyemshuku kuliko wote ni fundi cherehani mmoja aliyekuja kila Jumamosi na binti yake mwembamba, utepe wa kupimia nguo ukiwa bado unaning'inia shingoni. Binti huyo alikuwa chini ya mstari mwaka juzi, akawa chini ya mstari mwaka jana, na mwaka huu bado.

"Fundi, huyu mwanao hali?"

"Anakula mpaka sahani inaomba msamaha, dada."

"Basi chakula kinakwenda wapi?"

"Kinakwenda kwenye ulimi. Huyu akianza kuongea, hata cherehani inanyamaza."

"Na gauni mbona refu hivyo? Umemshonea pazia?"

"La heshima hilo."

"La heshima au la magoti?"

Foleni ilicheka. Mama mdogo aliinua pindo kwa kidole kimoja, akaona magoti yamenyooka, akamruhusu msichana apite. Lakini macho yake yalimsindikiza mpaka kwenye bembea, na hayakurudi upesi.

Siku moja msimamizi wa bustani alimwita. Manispaa walikuwa wamemuuliza inakuwaje karibu kila mtoto anayeingia anaingia bure. Je, watoto wa mji huu wameacha kukua?

"Ama unaingiza jamaa zako," alisema msimamizi, "ama kuna mtu anapandisha mstari. Nakupa Jumamosi mbili umpate. Ukishindwa, nitaweka mtu mwingine pale langoni."

Mama mdogo alikuwa mjane, na mshahara ule ulimsomesha mwanawe wa mwisho, na sehemu yake ilinisomesha mimi. Alirudi nguzoni akiwa na uso niliouogopa.

Alianza na fundi wa rangi anayeurudia mstari kila mwaka. Alimfuata kazini kwake, akamhoji mpaka mtu akaapa kwa watoto wake. Kisha akamgeukia mfagiaji, kwa kuwa ndiye anayefika wa kwanza asubuhi. Kisha mkata tiketi.

"Mimi?" mkata tiketi alisema. "Shoga, mimi kuinuka hapa kwenda chooni tu ni safari. Nitapanda nguzo saa ngapi?"

Hatimaye ikawa zamu yangu.

"Wewe unaposoma hapo, unamwona nani akija nguzoni?"

"Simwoni mtu, mama mdogo."

"Humwoni, au husemi?"

Ingawa sikuwa na la kuficha, niliona aibu, nikajificha kwenye kitabu, jambo ambalo nadhani lilimzidishia shaka. Jioni hiyo alibandika uzi mweusi, mwembamba kama unywele, juu kabisa ya ule mstari mwekundu. Mtu akigusa, uzi utakatika. Wiki nzima kila asubuhi aliukagua akiwa ameweka pua karibu na mbao. Uzi haukukatika. Mstari ulikuwa palepale, na Jumamosi ya kwanza watoto wakaendelea kuingia bure kama kawaida.

Jumamosi ya pili mvua ilinyesha alfajiri, ikakatika kabla hatujafika. Kokoto za langoni zilikuwa zimeshaanza kukauka. Mama mdogo alikwenda nguzoni kuukagua uzi wake, mara nikamwona amesimama hamwangalii mtu, anaangalia chini.

"Njoo," aliniita. "Weka mguu hapa."

Chini ya nguzo kulikuwa na dimbwi dogo la mviringo, pana kama sinia. Niliweka mguu, maji yakanifunika vidole. Kwingine kote kulikuwa kukavu. Alichuchumaa, akazamisha mkono, akautoa na kunionyesha alama ya maji: vidole vitatu vilivyolazwa.

"Nani amechimba?" niliuliza.

Alikuwa anatazama shimo lile, na midomo yake ikicheza bila sauti. Nilijua anahesabu Jumamosi, na visigino, na kila kisigino mara tatu.

Mkata tiketi alikuja kuchungulia, akashika kiuno. "Hilo tu? Jaza mchanga, shoga, ukanyage, ukae kimya. Nani atajua?"

"Nitajua mimi. Na wewe umeshajua, na siku tukigombana utasema."

"Hee! Hata mimi?"

"Hasa wewe."

Alikwenda ofisini kwa msimamizi na viatu vyenye matope. Nilimfuata nikabaki mlangoni.

"Mwizi nimempata," alisema.

"Nani?"

"Mimi."

Msimamizi aliweka kalamu chini. "Unamficha nani?"

"Simfichi mtu. Njoo uone."

Alikuja, bado haamini. Alichukua fimbo, akapima kutoka kwenye mstari hadi kwenye kokoto, kisha kutoka kwenye mstari hadi ndani ya maji, akarudia yote mawili kana kwamba nguzo inaweza kubadili maneno. Aliwaita mfagiaji na mkata tiketi, akawauliza kila mmoja peke yake kama kweli watoto wote walikuwa wanakanyagishwa. Mwishowe alifuta viatu vyake kwenye nyasi.

"Mtu wa kujishtaki mwenyewe nitampata wapi tena?" alisema. "Utabaki. Jumatatu tunamwaga saruji. Ila hao wazazi utawakabili mwenyewe."

Jumamosi iliyofuata nusu ya watoto walivuka mstari. Foleni ililipuka.

"Wameinua ardhi hawa!"

"Darubini, manispaa wamekulipa kiasi gani?"

"Jana mwanangu alikuwa mfupi, leo mrefu? Amelala kwenye mbolea?"

Mama mdogo alieleza habari ya shimo mara moja, mara mbili, mara kumi. Walimsikiliza kama yeye alivyokuwa akiwasikiliza, jicho moja limefumbwa nusu. Hakuna aliyemwamini. Baadhi yao waliwashika watoto mkono wakarudi nyumbani, naye aliwatazama wakienda, amekaza taya.

Fundi cherehani alipofika hakupiga kelele. Alivua utepe shingoni, akapiga goti, akapima kutoka kwenye saruji hadi kwenye mstari. Mita moja na robo, kama ubao wa bei ulivyosema. Mama mdogo aliuomba utepe ule, akaukagua ncha zote mbili kama haujakatwa mahali. Wakatazamana.

"Haya, mlete," alisema.

Msichana alisimama nguzoni. Kichwa kilipita mstari kwa kiasi kikubwa mno. Mama mdogo alikunja uso, akainama, akaangalia chini ya pindo.

"Shusha visigino."

Fundi alishangaa. "We mtoto! Unajirefusha tulipe?"

"Darasani wananiambia mimi sikui," msichana alisema, akishuka taratibu. "Wanasema hata nguzo ya bustani inajua."

Aliposhuka, bado kichwa kilizidi mstari kwa kidole kimoja. Mama mdogo alikigusa kidole hicho cha nywele, akakibonyeza, akakuta ni kichwa kweli.

"Ulishakua zamani," alimwambia. "Nguzo ndiyo iliyokosea. Na mimi."

Fundi alipekua mifuko yote miwili, akaipekua tena, kisha akaelekea kibandani. "Tiketi mbili," alisema, kama mtu anayekiri jambo.

Msichana aliibeba yake mwenyewe kwa mikono miwili, akampa mama mdogo. Mama mdogo aliichukua, akaitazama mbele, akaigeuza akaitazama nyuma, akainyanyua juani kuona kama ni ya leo. Kisha akaichana pembe, akamfungulia lango.