Namba Chini ya Kikalio

Kila nikishika tupa ya kusugulia chuma, mwanangu, nakumbuka Ijumaa moja katika mtaa wetu wa Buyenzi, nilipokuwa na umri kama wako na ulimi mwepesi kuliko mikono.

Nilikuwa nimemaliza sekondari, nikijifunza kazi kwa Mzee Rajabu, fundi wa saa, kamera na bunduki za uwindaji zenye kibali. Mjane wa mtaa wa Kinanira, Mama Konsolata, alituletea bunduki ya marehemu mumewe, darubini yake ikiwa imevuliwa, na vyuma vyake katika kitambaa. Siku ya kuondoa kilio, yaani kumaliza matanga, ilikaribia. Mbele ya ukoo, bunduki ingekabidhiwa kwa mwanawe wa kwanza, naye mama alitaka darubini irudishwe, iwe kama baba alivyoiacha.

Mzee alikuwa msikitini. Juu ya kitambaa nilikuta pete mbili za kushikia darubini, zenye kulabu chini, nikajiambia nazijua. Nikatoa kwenye droo yetu kikalio, kile chuma kinachofungwa mgongoni mwa bunduki ili pete zikae juu yake. Kulabu hazikuingia. Badala ya kujiuliza kwa nini, nikazipiga tupa mpaka zikaingia.

Mzee aliporudi, alikunjua kitambaa ambacho mimi sikumaliza kukikunjua. Ndani kulikuwa na kikalio kingine, cheusi kwa grisi iliyokauka. Akakifuta, akakigeuza. Chini palikuwa na namba ndogo, na namba ileile ilikuwa kwenye pete. Vyuma vya namna hiyo, mwanangu, mafundi wa zamani walivichonga kwa mkono, kimoja kwa ajili ya mwenzake. Alipovijaribu, kulabu nilizozipunguza zilicheza ndani ya kikalio chake kama jino la mtoto.

“We mutoto, una macho ya mutu wa Kiriri, kule mulimani,” aliniambia polepole. “Unaangalia toka juu, unaona mapaa tu.”

Nilianza kucheka, nikashindwa. Akanituma niende Kinanira mwenyewe na zile pete. Nilimweleza Mama Konsolata yote, naye akazishika zile pete kwa muda mrefu.

“Umekuja mwenyewe, ni vizuri,” alisema. “Basi siku ile uje tena umwambie mwanangu. Mi sitaweza.”

Nikaenda. Bunduki ilikabidhiwa bila darubini, nami nikasema mbele ya ukoo mzima kwamba kosa ni langu. Kijana alinipa mkono, lakini macho yake yalibaki pale mgongoni mwa bunduki palipokuwa patupu. Mgongo ule nauona hata leo.

Kwa hiyo kile kikalio ulichoniletea jana, ukataja aina yake kabla hujakigeuza, kigeuze. Futa grisi, soma namba, pima umbali wa matundu ya skrubu, kisha jaribu bila nguvu. Kisipoingia, ujue bado hujakijua. Useme “sijui”, uniite, sitakucheka sana. Tupa iwe ya mwisho.

Mungu akupe macho ya kutazama chini ya vitu, mikono isiyo na haraka, na mzee wa kukutania kwa upendo siku utakayokosea, kama mimi nilivyompata wangu.