Njia Tatu za Kumfikia Mabil

Adhel alikuwa fundi wa kushona katika kambi ya Kakuma, mwanamke mrefu wa maneno machache. Tulijuana aliposhona mapazia ya ofisi yetu. Mimi ni Awino. Nilitoka Siaya nikawa karani hapo kambini, kazi yangu ikiwa kupiga chapa vibali vya wakimbizi wanaotaka kutoka kambini kwa siku chache.

Mumewe, Mabil, alikuwa amechukuliwa na wapiganaji wa msituni kule Sudan miaka minne nyuma. Mwezi wa pili mwaka wa 1998, dereva mmoja wa lori alimletea Adhel habari: Mabil ametoroka, amevuka mpaka, na amefichwa nyumbani kwa dereva huyo mjini Lokichoggio, karibu na mpaka. Lakini hawezi kukaa zaidi ya Jumamosi, maana majirani wameanza kuuliza maswali. Adhel amwambie tu aje vipi na ashukie wapi. Adhel akataka siku mbili tatu za kutafuta mahali pa kumficha, naye dereva akaondoka kwa sababu msafara wa malori haungoji mtu. Kila mtu kambini alijua kwamba wapiganaji wana watu wao humo humo, wa kuwarudisha watoro vitani.

Jumatatu asubuhi Adhel alikuja ofisini, akanisalimu kwa Kiturkana.

"Ejok, dada Awino."

"Ejok-noi, mama Athieng." Athieng ni binti yake, alikuwa na miaka saba.

Akanieleza yote kwa sauti ya chini. Alikuwa ameshapima njia zote.

"Barua iko polepole, na njiani inafunguliwa. Nilituma mbili mwaka jana, zote zilipotea. Rediokoli ya Yai pale sokoni iko haraka, leo leo unaongea, lakini soko yote inasikia. Simu ya hapa mjini imekufa tangu mafuriko. Ile ya Lodwar inafanya kazi, na tajiri ya huyo dereva iko na simu dukani. Kule nasikia mimi na Mabil tu."

"Na opereta," nikamwambia.

"Opereta hajui Kidinka."

Akachagua Lodwar. Nilipiga chapa kibali chake saa ile ile nikakipeleka kwa mkubwa wangu, Shadrack, atie sahihi na mhuri. Alikuwa akisoma gazeti.

"Anaenda Lodwar kufanya nini?"

"Kupiga simu."

"Simu si sababu. Andika matibabu, alete karatasi ya daktari."

Sikumwambia ukweli, kwa sababu Adhel alinikataza. Basi akaenda kupanga foleni zahanati, yeye mzima wa afya, katikati ya wagonjwa, siku mbili. Jumatano jioni akarudi na karatasi. Shadrack alikuwa ameondoka mchana kwenda Kitale kwa shughuli zake, angerudi Jumatatu, na ufunguo wa droo ya mhuri alikuwa nao mfukoni.

Adhel akaitazama ile meza. "Mhuri iko ndani hapo?"

"Iko."

"Tuvunje."

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha, kisha nikaona uso wake. "Mama Athieng, nina watu wananitegemea. Siwezi kuvunja meza ya ofisi."

Aliendelea kuitazama ile droo. Nami, kwa kutaka tu aondoke mbele yangu na ile karatasi yake, nikamwambia: "Si uende kwa Yai? Sema kwa mafumbo. Nani atajua?"

Alhamisi asubuhi nilimsindikiza. Yai alikuwa na kibanda cha mabati sokoni, betri ya gari, waya mrefu juu ya mti, na spika iliyokoroma kama mtu mwenye pumu. Watu kumi hivi walikuwa kwenye mabenchi wakingoja zamu. Mmoja wao ni Majok, kijana mtanashati ambaye Adhel alimshonea suruali ya Krismasi.

Yai akaita Lokichoggio mpaka dereva akapatikana. Adhel akabonyeza kitufe.

"Shangazi apande lori la vitunguu Jumamosi. Ashuke kwenye laga, ule mto mkavu kabla ya mji. Nitampokea. Ova."

"Sijasikia. Shangazi gani? Ova."

Akarudia. Akarudia tena kwa sauti kubwa zaidi. Mara ya nne Yai, kwa wema wake, akamnyang'anya kile kipaza sauti akapiga kelele yeye mwenyewe: "Jumamosi! Lori la vitunguu! Kwenye laga!" Kisha spika ikatulia, na sauti nyingine ikaingia, ya mwanamume, safi kabisa.

"Adhel? Adhel, ni wewe? Athieng mzima?"

Miaka minne hakuwa amesikia sauti ya mkewe, na hakuweza kujizuia. Mabenchi yote yakamgeukia Adhel.  Yeye akaweka kipaza sauti mezani taratibu kama yai. Nilipogeuka, nafasi ya Majok ilikuwa wazi, na zamu yake ndiyo ilikuwa inafuata.

"Tumwambie asije," nikasema tukiwa nje.

"Tumwambie na nini?" akaniuliza. "Redio ni ile ile, na Jumamosi lazima atoke."

Siku ya Jumamosi sikwenda. Yaliyotokea alinisimulia baadaye. Alifika lagani saa tatu asubuhi, amebeba kanzu na kilemba vya kumbadilishia Mabil. Majok na wanaume watatu walikuwa wameshakaa mchangani, wanakula tende. Hawakumgusa. Lori lilipotokea, Adhel alikimbia barabarani akipunga mikono yote miwili, dereva apite asisimame. Mabil alikuwa juu ya magunia ya vitunguu. Alipoona mkewe anamkimbilia mikono juu, alidhani ni furaha. Akagonga paa la lori ili lisimame, akaruka chini akicheka.

Walimfunga kwa kile kilemba.

"Shukrani, mama Athieng," Majok akasema. "Tungemtafuta mpaka Nairobi."

Jumatatu Shadrack alirudi, akagonga mhuri kwenye kile kibali bila kuuliza lolote. Ni mimi niliyempelekea Adhel. Alikisoma, akakikunja, akasema atakitumia: Ater, ndugu ya Mabil aliyekuwa akifanya kazi Nairobi, lazima aambiwe. Tukaenda Lodwar pamoja.

Simu ilishika mara moja. Mlango wa kibanda ulikuwa haufungi vizuri, na Ater alitaka wazungumze Kiswahili kwa sababu mwenye simu kule Nairobi alikuwa karibu naye na hakutaka adhaniwe anapanga mambo. Sauti yake ilisikika mpaka niliposimama.

"Ulitumia redio? Mbele ya watu?"

"Ndiyo."

"Nani alikwambia utumie redio?"

Adhel akaniangalia. Nilishika chuma cha mlango, nikangoja jina langu.

"Nilichagua mwenyewe," akasema.

"Basi umemuua mwenyewe." Simu ikakatwa.

Mwezi wa sita wakaja watu kutoka ng'ambo ya mpaka wakasema Mabil alipigwa risasi mbele ya wenzake wote, ili wajifunze. Ater hakumtumia Adhel salamu tena, wala Athieng. Majok aliendelea kuishi kambini. Aliwahi hata kupeleka shati lake kwa Adhel libadilishwe kola, na Adhel akalibadilisha.

Nilihamishwa mwaka uliofuata. Kabla sijaondoka nilikwenda kwake, nikasimama mlangoni pa kibanda chake cha kushonea, nikamwomba msamaha kwa neno lile nililosema ofisini. Alikuwa ameinamia cherehani akitunga uzi.

"Dada Awino," akasema, "toka hapo mlangoni. Unaniziba mwanga."